Jinsi Nyanya Ilivyopata Wekundu

Ninyi mnaoikuta nyanya imelala nyekundu kwenye ungo mnadhani ilizaliwa hivyo. Haikuzaliwa hivyo. Acheni kazi ya mikono kidogo mnisikilize, maana jambo hili lilitokea huku huku kwetu mlimani, na lilikaribia kumtenga mama na mtoto wake.

Zamani hizo, miteremko hii ya Upare ilipokuwa bado na misitu hadi mlangoni mwa watu, tunda hili lilikuwa la kijani tangu lilipotoka kwenye ua mpaka lilipooza. Bichi lilikuwa kijani, na bivu lilikuwa kijani vilevile. Wala halikuitwa nyanya. Liliitwa tunda la kungoja, kwa kuwa hakukuwa na njia ya kujua kama limeiva ila kungoja lidondoke lenyewe. Likidondoka, lilikuwa tamu na lenye maji mengi, dawa kamili ya mtu aliyekaushwa na homa. Likichumwa kabla ya hapo, lilikuwa sumu. Koo la aliyelila lilivimba likaziba, na wengi hawakuwahi hata kuaga.

Aliishi wakati huo mwanamke aitwaye Namkunda. Alizaliwa kule chini tambarare, akaolewa huku juu na Mbonea, mtoto wa pili wa Bi Nanzia. Siku ya kuhamia kwa mumewe alifunga mbegu za tunda hilo kwenye pindo la nguo yake, akazipanda nyuma ya nyumba, penye mawe. Watu wa mlimani hawakulijua vizuri tunda lile. Namkunda aliwaonya wote wasiliguse mpaka lidondoke, na wote walisikia. Lakini baba mkwe wake alikuwa mtu asiyeweza kungoja hata uji upoe. Siku moja alirudi shambani na kiu, akachuma tunda moja akalitafuna huku anatembea. Walimkuta ameanguka kizingitini, mkono umeshika shingo.

Bi Nanzia hakumlaumu mkamwana wake kwa maneno. Afadhali angemlaumu. Aliacha tu kula chochote kilichopikwa na Namkunda. Chungu chake akakiweka peke yake, jiko lake peke yake, na Namkunda akimpelekea maji aliyapokea, akangoja ageuke, akayamwaga. Sekiete, mtoto mkubwa wa Bi Nanzia, aling'oa miche yote akaitupa bondeni. Ulisalia mmoja tu, uliojificha nyuma ya jiwe. Namkunda aliuona akanyamaza. Hakujua kwa nini aliuacha. Pengine ni kwa sababu hakuwa na kitu kingine chochote cha kwao.

Ukaja msimu wa ukungu, na pamoja nao homa mbaya. Homa hiyo ilimkausha mtu kuanzia kooni. Ilipomshika Bi Nanzia, uji ulimshinda, maziwa yakamshinda, hata maji yalirudi yakitokea puani. Alilala kwenye mkeka wake midomo imepasuka, akipumua kama mtu anayepanda kilima. Wanawe walikaa mlangoni hawana la kufanya. Ndipo Namkunda, aliyekuwa amesimama nyuma yao na binti yake mchanga mgongoni, aliposema.

"Kwetu mtu wa namna hii hupewa maji ya lile tunda la kungoja. Hata matone machache hufungua koo."

Sekiete aligeuka polepole. "Tunda lililomuua baba."

"Lililochumwa ndilo lililomuua, shemeji. Umebaki mche mmoja nyuma ya jiwe. Una matunda makubwa."

"Kwa hiyo uliuficha. Umemmaliza baba, sasa zamu ya mama."

"Kaka, mwache," alisema Mbonea. "Wewe una dawa gani?"

Sekiete alimtazama mama yake, akatazama ukungu uliojaa uani, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Haya. Ngoja lidondoke. Lakini mama akitutoka, iwe kwa homa au kwa tunda lako, utashuka kwenu. Na utashuka peke yako. Huyo mtoto ni wa ukoo huu."

Mbonea alifungua mdomo, akaufunga. Namkunda aliuona ule mdomo ukifunga, ukamuuma kuliko maneno yote ya shemeji yake.

Akaenda kukaa nyuma ya jiwe. Matunda yalikuwa yamenenepa, mazito, yamekaza ngozi, ila hakuna hata moja lililoonyesha dalili ya kuachia. Alijua sababu. Kwao tambarare jua ndilo lililoyaangusha, na hapa jua lilikuwa halijaonekana tangu mwezi uandame. Ukungu ulikuwa umelala juu ya majani kama blanketi lililoloa. Alikaa akiyatazama matunda, na kila mara masikio yake yalirudi ndani ya nyumba, kwenye ile pumzi. Ikikatika kidogo, naye alikata pumzi. Ikirudi, alirudi kutazama.

Mchana ulipopita bila kitu, aliingia jikoni akachota makaa, akayaweka kwenye kigae cha chungu kilichovunjika, akakitegesha chini ya mche. Akisogeza karibu, majani ya chini yalinyauka. Akisogeza mbali, joto liliishia kwenye ukungu. Akajifunza kukishika kigae mkononi kwa kipande cha ngozi, akikiinua na kukishusha, akipuliza makaa yasilale. Moshi ulimtoa machozi. Mtoto alilia mgongoni, akamnyonyesha vivyo hivyo, mkono mmoja ukiwa na kigae. Jioni aliyafunika makaa kwa majivu, na asubuhi, kabla ya kuku kutoka, alikuwa tena pale akipuliza.

Siku zilikwenda hivyo. Majirani walipita wakachungulia wakaenda zao. Mmoja alisema anaota moto wakati mgonjwa anakata roho. Mwingine alisema ni uchawi wa tambarare. Namkunda aliendelea kupuliza makaa. Kila alipoliangalia tunda la chini kabisa, lililokuwa karibu zaidi na makaa, mkono wake ulitamani kulivuta kidogo tu, kuona kama limeshalegea. Alikuwa akiukalia mkono huo.

Asubuhi moja Bi Nanzia hakufumbua macho alipoitwa. Sekiete alitoka ndani akaja moja kwa moja nyuma ya jiwe.

"Ondoka hapo," alisema. "Nalichuma."

Namkunda alisimama kati yake na mche. Alikuwa mdogo, kichwa chake kilifika kifuani mwa shemeji yake.

"Ukilichuma sasa utamuua kwa mkono wako," alisema. "Kama baba alivyojiua kwa mkono wake."

Neno hilo hakuna mtu aliyekuwa amelitamka katika nyumba ile. Mkono wa Sekiete ulibaki hewani. Namkunda alidhani utamwangukia yeye. Badala yake aliona macho ya shemeji yake yameacha kumtazama, yanatazama chini, nyuma yake.

Aligeuka. Kitako cha lile tunda la chini hakikuwa kijani tena. Kilikuwa na rangi ya kaa linaloanza kushika moto.

Kwanza alifikiri ameliunguza. Alipiga magoti, akaligusa kwa nyuma ya kidole. Halikuwa na jeraha wala alama ya moto. Lilikuwa zima, nyororo, na vuguvugu.

"Ni nini hicho?" aliuliza Sekiete.

"Sijui."

Sekiete hakuondoka. Alichuchumaa upande wa pili wa mche, na wote wawili wakabaki wakilitazama. Wekundu ulipanda taratibu kutoka kitakoni kwenda ubavuni, mbele ukitangulia umanjano, nyuma ukifuata wekundu wenyewe. Makaa yalipoanza kufifia Namkunda alinyoosha mkono kukichukua kigae, akakuta Sekiete ameshakiinua, anapuliza. Kutwa nzima ilikwenda hivyo, na siku ya pili asubuhi wekundu ulikuwa umefika mabegani mwa tunda, pale kwenye kikonyo. Namkunda aliliwekea viganja chini bila kulivuta. Likaachia likamlalia mkononi.

Watu walikuwa wamejaa uani. Alipolitoa nyuma ya jiwe, walirudi nyuma.

"Halikudondoka chini," alisema jirani mmoja. "Limeachia mkononi mwake. Na nani amewahi kuona tunda la rangi ya damu?"

Sekiete alimwangalia Namkunda. Safari hii hakukuwa na ukali usoni mwake, kulikuwa na hofu tupu. "Sema kweli. Limeiva?"

"Kweli ni kwamba sijui," alisema Namkunda. "Hata kwetu sijaona kama hili."

Akafungua nguo iliyombeba mtoto, akamkabidhi Mbonea. Mbonea alimpokea, kisha akanyoosha mkono wa pili. "Nipe mimi nionje."

"Wewe ukifa, na Mama akitutoka, watasema nimeua watatu. Mshike mtoto vizuri."

Alikaa kizingitini, pale pale alipoangukia baba mkwe wake, akauma tunda. Maji yalimchuruzika hadi kiwikoni. Akatafuna, akameza, akanyoosha shingo ili wote waione.

Wakangoja. Hakuna aliyekohoa, hakuna aliyeondoka. Namkunda alimeza mate, akayameza tena, kila mara akipima kama njia bado ipo. Alimtazama binti yake mikononi mwa Mbonea akajikataza kumtazama. Mara koo likamwasha. Akakohoa, akakohoa tena, akashika shingo, na watu wote wakasimama. Mbonea alipiga hatua mbele. Namkunda aliinua kiganja kumzuia, akaingiza kidole mdomoni, akatoa mbegu moja ndogo iliyokuwa imenasa. Akaionyesha. Akameza mate mara nyingine, yakapita.

Makaa kwenye kigae yalikuwa yamegeuka majivu, naye bado anapumua, watu bado wamesimama, kwa maana hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema imetosha. Aliyesema alikuwa ndani, Bi Nanzia, aliyezinduliwa na kile kikohozi. Sauti ilitoka mkekani, kavu kama majani yanayokanyagwa.

"Mnangoja nini huko nje? Mleteni mke wa Mbonea."

Namkunda aliingia na kipande cha tunda kilichobaki. Bi Nanzia alilitazama pengo la meno kwenye nyama ile nyekundu.

"Nani ameuma hapa?"

"Ni mimi, Mama."

Mzee yule alimwangalia. Kisha akafungua mdomo.

Namkunda alikamua. Tone la kwanza lilikaa kwenye ulimi. La pili likasukuma la kwanza. Wote waliokuwa mlangoni waliona shingo nyembamba ya Bi Nanzia ikipanda na kushuka, na hakuna kilichorudi.

Matunda mengine yaliwaka moja baada ya jingine, la chini kwanza, kisha lililo juu yake. Hakuna aliyeuliza tena kama yameiva, kila mtu aliona kwa macho yake. Bi Nanzia aliinuka mkekani kabla ukungu haujaondoka, ingawa sauti yake ilibaki na mkwaruzo mpaka mwisho wa maisha yake. Hakuomba radhi, hakuwa mtu wa hivyo. Siku ya kwanza aliyoweza kutembea, alibeba chungu chake akakirudisha kwenye jiko la Namkunda, akaketi karibu yake, akanyoosha bakuli. Na yule binti mchanga alipoanza kutamka maneno na kuyaonyesha yale matunda mekundu, hakuyaita matunda ya kungoja. Aliyaita kwa jina alilomwitia bibi yake, aliyemwona akiyala kila siku: nyanya. Watu walicheka, halafu nao wakayaita hivyo.

Basi tangu siku hiyo nyanya haiivi tena ikiwa kijani. Huanza kuwaka kitakoni, upande uliokaa karibu na makaa, ikapanda hadi mabegani, na zilizo chini kwenye mche huzitangulia zile za juu, huku majani ya chini yakigeuka manjano kama yaliyobabuliwa. Tangu siku hiyo pia, huku kwetu mwenye shamba huiuma yeye nyanya ya kwanza ya msimu, akameza mbele ya wageni, ndipo wengine wakapewa. Na ukipita kwenye miteremko hii wakati wa ukungu, utawaona akina mama wamechuchumaa kando ya miche yao. Hawayagusi matunda. Wameinamisha vichwa, wanachungulia chini yake.