Hasira Aliyoitema Nyanya Mghoi

Hapo zamani, si ile ya sungura na fisi, hii ni zamani ya juzi tu, simu ziko mifukoni, kule Mgange kwenye vilima vya Taita, palikuwa na vijana watatu na muziki wao. Wenyewe waliuita bleki metali. Wanajipaka chokaa na masizi usoni. Gitaa linaguruma kama mashine ya kusaga, ngoma ni mvua ya mawe kwenye bati, na mwimbaji haimbi, anafoka kama chui aliyebanwa na mlango.

Mwimbaji alikuwa Mwakio. Ngoma alipiga Wakesho, binti mwembamba, lakini mikono! Maganga ndiye mwenye mashine ya kunasa sauti. Miaka miwili walihangaika na santuri yao ya kwanza. Nyimbo saba zikaisha. Ukabaki mmoja, wa baba yake Mwakio, aliyekufa mgodi ulipomfukia. Mwakio akiufoka, haufiki. Akirudia, haufiki.

"Twendeni kwetu," akasema. "Tukaupige karibu na kaburi lake."

Nyanya Mghoi, mama wa marehemu, hawakumwambia. Wakapanga vyombo kwenye zizi la mbuzi, hatua kumi kutoka kaburini, wakaanza. Nyanya yuko shambani, akasikia. Akaja na jembe mkononi.

"Mwakio! Baba yako kafa bila kuniaga, nawe wampigia makelele kichwani? Koo hilo likauke! Likauke!"

Kisha akalia. Akalia kilio ambacho siku ya mazishi hakikutoka. Wakesho hakuacha ngoma. Maganga hakuzima mashine.

Kesho yake koo la Mwakio likakauka, hata shikamoo haitoki. Sasa, kwa Wataita hasira ya mzee haiachwi moyoni, ikikaa inadhuru watoto. Lazima itemwe. Nyanya akamketisha mjukuu, akajaza kinywa maji ya miwa, akayapuliza chini, fuu! "Hasira yangu naitema. Mjukuu wangu awe mzima." Fuu! Siku ya tatu sauti ikarudi, wakacheka, wakala pamoja.

Basi, vijana wakazituma nyimbo zote nane ng'ambo, na watu wa huko wanaotoa santuri wakaandika: "Nyimbo saba ni nzuri. Lakini huu wa nane, wenye mama anayelia, ndio santuri yenyewe. Bila huo, hatutoi. Tujibuni Ijumaa."

Mwakio akaona asimfiche nyanya tena. Akamwekea wimbo ule. Nyanya akasikiliza, akashika kifua.

"Mimi hasira hiyo nilishaitema. Nani ameiokota?"

"Ni wimbo, nyanya."

"Ni laana! Kila atakayeibonyeza, nakulaani upya. Nikishakufa mimi, nani ataitema? Itoeni sauti yangu."

"Haitoki, nyanya," Maganga akasema. "Kinasa sauti kilikuwa kimoja. Ukiitoa, wimbo wote umekwenda."

"Nyamaza wewe, uso kama umeangukia debe la unga!"

"Nitanyamaza, lakini ningezima mashine siku ile, kilio chako kwa mwanao kingeishia kwa mbuzi. Mimi ndiye niliyekihifadhi."

Wakesho akaruka. "Kuhifadhi ni kukaa tu! Mimi lile jembe nililiona, miguu ilitaka kukimbia. Nikapiga nikimfuata nyanya neno kwa neno, mpaka ikawa wimbo. Bila mimi huo ni ugomvi wa nyumbani."

"Na kinywa ni cha nani?" nyanya akauliza. "Mwizi wa kuku naye atadai alimlisha?"

Mwakio akasogea karibu na nyanya. Miaka miwili alikitafuta kilio kile kooni mwake, hakukipata. Akasema polepole, "Nyanya, aliyelaaniwa ni mimi. Nimekubali kuibeba. Baba hajaliliwa hivyo na mtu mwingine. Niachie."

"Wewe umekubali. Na mimi je? Nikulaani milele, na nakupenda?"

Ijumaa ikafika. Mwakio kashika simu, jibu ameliandika mara mbili: moja ndiyo, moja hapana. Wenzake wanamtazama. Nyanya anamtazama. Kidole kiko hewani.

Haya, semeni nyinyi, na msijibu kwa haraka. Yuko aliyekitoa kilio, yuko aliyekipa mwendo, yuko aliyekihifadhi, na yuko aliyelaaniwa nacho. Je, ni nani aliyestahili kusema neno la Ijumaa ile?