Shule Iliyohesabiwa kwa Sauti

Paukwa!

Pakawa!

Nyie wa nyuma, nimesikia sauti ila midomo sijaiona. Sogeeni huku mwangani. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Sasa nimewaona.

Hapo zamani za kale wanyama walikuwa na shule moja. Mwalimu wake alikuwa Kobe. Shule haikuwa na paa. Haikuwa na ukuta. Mzazi akipita, anamwona mwanawe amekaa wapi na anafanya nini. Na kila mwezi Baraza la wanyama, mkubwa wake Nyati, lilileta mtama wa watoto. Mtoto mmoja, kapu moja.

Akaja Fungo. Mnamjua Fungo? Yule mwenye weusi machoni, harufu yake inafika kabla yake. Akasimama mbele ya Baraza, sauti laini, tamu.

"Waheshimiwa, Kobe anawachelewesha watoto. Mimi nitafungua shule yangu. Mtama ni ule ule, kapu kwa kila mtoto. Ila tuandikiane mkataba. Shule niiendeshe nipendavyo, asiniingilie yeyote."

"Tutajuaje kama watoto wapo?" akauliza Kobe.

"Mtawaita majina langoni. Wataitika. Mnataka nini tena?"

"Na nani ataingia ndani kutazama?"

Wakamcheka, kwa-kwa-kwa! "Kobe ana wivu!"

Sheria ikapita. Korongo akafanywa mkaguzi. Asimame langoni, aulize majina, ahesabu sauti. Sauti moja, kapu moja. Na kwa kuwa shingo yake ndefu ingevuka ua wa shule ya Fungo, sheria ikamtaka aligeuzie lango mgongo. Wakapiga makofi, pwa-pwa-pwa! Wazima wale, na akili zao. Mpaka leo nikisimulia hapa nakasirika.

Watoto arobaini wakaingia. Walikuwa wakae huko huko hadi mvua zinyeshe. Lango likafungwa, kwiii, ti! Digidigi mmoja mjane naye alimpeleka mwanawe wa pekee, Sikitu. Sikitu alikuwa na sauti inayopanda mwishoni, kila neno kama anauliza. Ukimwita, anaitika, "Nipo-o?" Mama yake alikuwa akicheka kila akiisikia.

Mwezi wa kwanza Korongo akaja, akageuza mgongo, akaita. "Nipo!" "Nipo!" Sauti arobaini. Makapu arobaini yakaingia. Mwezi wa pili, arobaini. Mama Sikitu alisimama pembeni, akasikia "Nipo-o?", akarudi kwake moyo mweupe.

Lakini waliopita kando ya ule ua siku nyingine walienda mbio. Hawakusikia wimbo. Hawakusikia kilio. Watoto arobaini mahali pamoja, na kimya, ziii.

Mwezi wa tatu, asubuhi ya siku ya hesabu, Mama Sikitu akamkuta mwanawe mlangoni kwake. Mbavu nje. Udongo puani, maana alichimba chini ya ua akapenya.

"Mwanangu! Umefanywa nini?"

Sikitu akafungua mdomo. Hamna kitu. Akafungua tena. Pumzi tu, hhhh.

Mama akamnywesha maji. Akamshika, hao, moja kwa moja hadi langoni. Jua lilikuwa la utosi. Korongo ameligeuzia lango mgongo, anaita majina.

"Sikitu binti Digidigi!"

Kutoka ndani: "Nipo-o?"

Mama akamtazama mwanawe. Mdomo umefumba. Na ile sauti ni yake. Manyoya yakamsimama mwili mzima.

"Mkaguzi, mwite tena."

"Ameshaitika, mama. Nimeshamhesabu."

"Aliyeitika ni nani? Sikitu huyu hapa."

Korongo akatazama chini. "Sheria hainiruhusu kugeuka," akasema polepole.

"Sijakwambia ugeuke. Tazama mbele yako tu."

Kisha mama akaupazia sauti ule ua. "Sikitu! Mama yako ni nani?"

"Nipo-o?"

"Jana umekula nini?"

"Nipo-o?"

Mara sauti nyingine zote zikaamka. Nipo! Nipo! Nipo! Nipo! Bila kupumua, bila kukoma.

Korongo akageuka. Akalipiga lango kwa mdomo, ka! ka! ka! Likaanguka. Wakaingia.

Ndani mlikuwa na pango. Vibuyu arobaini vimening'inia, kila kibuyu na jina lake, vinaitika. Chini, gizani, watoto wamekaa wanalamba mawe. Midomo inafunguka, inafumba, kimya. Na Fungo juu ya rundo la mtama. Hata hakushtuka.

"Mtoto anakula," akasema. "Sauti haili. Na mkataba wenu unataka sauti. Nimekosea wapi?"

Mama Sikitu akakisogelea kibuyu cha mwanawe. Akarusha kwato. Pwaa! Kibuyu kikapasuka, sauti ikamrudia mwenyewe.

"Mama," akasema Sikitu, "nina njaa?"

Pwaa! Pwaa! Pwaa! Kila mtoto aliyepata sauti alianza kulia, na hakuna aliyetaka kuwanyamazisha. Fungo akaponyoka, akatokomea, na hadi leo anajificha mchana.

Wakapasua vibuyu thelathini na saba. Vikabaki vitatu. Wakaita majina, vibuyu vikaitika vizuri tu. Nipo. Nipo. Nipo. Wakatafuta pango zima. Hapakuwa na mtoto wa kurudishiwa.

Mama watatu wakavibeba vile vibuyu nyumbani. Hawakuvipasua.

Korongo akaenda kueleza Barazani. Akafungua mdomo, sauti haikutoka. Ka-ka-ka-ka tu, hivyo hivyo mpaka leo. Nyati mwenyewe akauchana mkataba, machozi yanamtoka, na hakuna aliyethubutu kumtazama Kobe. Ikaandikwa sheria nyingine: anayekula mtama wa wote, mlango wake uwe wazi kwa wote. Mkaguzi aingie, amguse kila mtoto kwa mkono wake.

Basi mafunzo ni haya, wakubwa na wadogo. Ukimkabidhi mtu mtoto na chakula chake, usitosheke na kuambiwa yupo. Ingia ukamwone.

Hadithi yangu naikomesha hapa. Kabla hamjatawanyika, kila mzazi amshike wake. Si kwa kumwita. Kwa kumshika.