Msikia Kwaya na Msikia Sauti

“Msikia kwaya asimkane msikia sauti.” Jana kwenye mazoezi mligombana, mmoja akisema wimbo umeharibika, mwingine akiapa kwamba aliyesimama karibu naye hakukosea hata kidogo. Dada Sesilia akawanyamazisha kwa maneno hayo, na leo mmekuja kuniuliza yametoka wapi. Kaeni niwaeleze. Siku yalipozaliwa nilikuwepo, tambara la kudekia mkononi.

Wakati huo nilikuwa nafua na kudeki katika hospitali ya misheni. Mume wangu alikuwa ametangulia mbele ya haki mwaka mmoja nyuma, na Mungu alinipa kazi ile nisije nikamezwa na majonzi. Asubuhi moja akaletwa mama mjamzito, Otilia, mwenye ugonjwa wa moyo. Daktari akasema ni lazima apasuliwe siku ileile, lakini hawezi kumlaza usingizi bila kuuona moyo wake kwenye mashine. Na mashine yenyewe ilikuwa imekorofisha. Badala ya kuchora mstari safi wa vilima, ilichora manyoya matupu. Isipopona hadi saa sita mchana, Otilia angepakiwa kwenye gari kwenda hospitali ya mkoa, mwendo wa saa saba kwenye matope. Kila mtu alijua hafiki.

Fundi wetu, Mzee Kapinga, akaleta osiloskopu yake, kisanduku chenye kioo kinachoonyesha umeme unavyopanda na kushuka, wote kwa pamoja. Kwa neema ya Mungu alikuwepo pia kijana Lusajo, aliyekuja kutengeneza mtambo wa redio ya misheni. Yeye alikuwa na kichambua masafa. Hicho huuchambua umeme kama mchele kwenye ungo, mtetemo wa polepole huku, wa haraka kule, kila mmoja na kijiti chake kwenye kioo. Wakaviunga vyote viwili kwenye mashine ya moyo.

“Tazama,” alisema Kapinga, “mstari mnene kama kamba ya kufungia ng’ombe! Kelele ya umeme, huo uchafu unaovuruga mstari, ni kubwa mno. Mashine ya moyo imekufa, mama asafirishwe.”

“Mzee wangu, mimi naona vijiti vifupi kama nyasi zilizofyekwa,” alisema Lusajo. “Kelele ni ndogo. Mashine ni nzima, mama apasuliwe.”

“Hicho kisanduku chako kina usingizi.”

“Na cha kwako, kwa heshima zote, kina makengeza.”

Daktari akatazama saa. “Nipeni neno moja. Nipasue au nisipasue?”

Wakaendelea kubishana. Otilia alikuwa amelala palepale, macho yakiruka kutoka kwa huyu kwenda kwa yule. Sikuweza kuvumilia.

“Samahani, Fundi Kapinga,” nikasema. “Mwalimu wetu wa kwaya kwanza husimama mlangoni, akasikia watu arobaini kwa pamoja. Kisha hupita mstari kwa mstari, sikio mdomoni kwa kila mmoja, akasikia kisauti chembamba. Sasa hapo kuna kwaya mbili?”

“Mama Gaudensia, wewe deki tu,” akasema Kapinga.

Lakini Lusajo akakiinamia kioo chake. “Mzee, amesema kweli. Changu kinasikia mdomo mmoja mmoja. Vijiti vyote hivi vikijumlishwa ndiyo kamba yako. Nimepima mwimbaji, nikadhani nimepima kwaya.”

Kapinga akajikuna kidevu. “Basi na mimi nimesikia kwaya, nikamhukumu mwimbaji nisiyemjua. Huenda mashine ya moyo haina kosa. Nani anaharibu wimbo humu ndani?”

Wakaviweka visanduku vyao bega kwa bega. Kati ya vile vijiti, kimoja kilizidi wenzake kwa urefu. Wakaanza kuchomoa nyaya ukutani, moja baada ya nyingine. Taa ya mezani: kijiti kimesimama. Friji: kimesimama. Feni: kimesimama. Saa tano na nusu ikafika.

Nyuma ya pazia kulikuwa na tundu moja ambalo hakuna aliyeligusa. Hapo Sista Eufrasia, mkuu wa wauguzi, alichajia simu yake kwa chaja ya mnadani, na kuigusa ilikuwa kutafuta kufukuzwa. Mimi nilikijua kibarua changu na nilimjua Sista. Nikapiga ishara ya msalaba, nikaichomoa.

Kijiti kikaanguka. Papo hapo ile kamba ya Kapinga ikawa uzi.

“Nani amechomoa simu yangu?” Sista alikuwa mlangoni.

“Ni mimi, Sista.”

Kapinga akawahi. “Sista, utuwie radhi, aliyekuwa anaharibu wimbo ni wewe.”

Sista akaitazama chaja, akautazama mstari wa moyo wa Otilia, safi, vilima vimepangika. “Basi nitoeni kwenye kwaya hii,” akasema, akaitupa kwenye ndoo yangu ya maji machafu.

Daktari hakungoja neno lingine. “Tunapasua.”

Jioni Kapinga alimsindikiza Lusajo hadi getini, amembebea kile kichambua masafa yeye mwenyewe, mzee wa watu. Nikamsikia akimwambia maneno yale kwa mara ya kwanza.

Otilia alitoka mzima, na binti mikononi. Akampa jina la mtakatifu msimamizi wa waimbaji. Ndiyo, Sesilia huyuhuyu aliyewanyamazisha jana. Kabla hajazaliwa, uhai wake uliwahi kungoja mafundi wawili waache kukanushana. Msikia kwaya asimkane msikia sauti.