Pasi za Kaloleni

Dansi ya Jumamosi katika ukumbi wa Kaloleni haikunoga mpaka Susu aseme. Susu, yaani nyanya kwa Kikamba, hakuwa nyanya wa mtu. Alikuwa amplifaya ya gitaa, ya valvu, zile taa za kioo za redio za zamani, nzito kama jiwe la kusagia na kongwe kumzidi Mbinya, binti wa chuo, kwa umri. Alinguruma kama mzinga wa nyuki hata kabla ya kuguswa. Lakini mzee Mbaluka, mpiga gitaa na mjomba wake Mbinya, alipozigonga nyuzi kwa nguvu, sauti ilipiga magoti kwanza, ikavuta pumzi, kisha ikainuka polepole ikilia. Hapo hata mke aliyekuja kumburura mumewe nyumbani alijikuta anacheza naye.

Mwaka wa tisini na nane, Susu alianza kutoa harufu ya kuungua. Fundi mmoja wa Industrial Area alimfungua, akaguna. Transfoma ilikuwa inakata roho, na ya kufanana nayo haikutengenezwa tena popote.

"Siku Susu akizimika, nami natundika gitaa," Mbaluka akasema.

Mbinya alijua mjomba hatanii. Alipofiwa na mkewe, gitaa ndilo lililomtoa kitandani. Akilitundika, nini kitamtoa?

"Hutundiki kitu, Mjomba," akasema. Alikuwa anasomea elektroniki chuoni, na mdomo wake haukuwahi kuishiwa petroli. "Nitaipima sauti ya Susu, niiandike yote ndani ya kompyuta. Utachomeka gitaa humo, nayo itaimba kama yeye."

"Niaje, mganga!" akadakia Kyalo, mpiga ngoma. "Utamhamisha na meno yake ama bila?"

Mbinya alimpakia Susu kwenye mkokoteni hadi maabara ya chuo. Huko umeme ulitulia kama maji mtungini. Alimlisha Susu milio midogo na mikubwa, akarekodi jinsi alivyoupinda kila mmoja, akaandika programu ya kuipinda vivyo hivyo. Ule mngurumo aliufuta. "Takataka hizi zinatafuta nini?" akamwuliza Kyalo aliyemsukumia mkokoteni, kisha akatembea kwa maringo kama aliyevumbua moto.

Wakaijaribu ukumbini, mchana jua likiwaka. Mbaluka akapiga kidogo, akaacha.

"Huyu nani?"

"Si ni Susu, Mjomba."

"Susu wangu hupiga magoti nikimgonga. Huyu amesimama wima kama askari wa gwaride."

"Sauti imetoka kinyozi hiyo," Kyalo akaongeza. "Hata poda imepakwa shingoni."

Mbinya alichomwa, lakini hakufyata mkia. "Vipimo havidanganyi. Mleteni Susu mwenyewe, tuwasikilize wote wawili."

Susu akawashwa. Mbaluka akagonga uzi, akabaki kinywa wazi. Ukiacha mngurumo, Susu naye alisimama wima!

"Haya basi, Susu mwenyewe ni feki!" Kyalo akacheka mpaka fimbo zikamponyoka.

Mbaluka hakucheka. Aliendelea kupiga kwa ukaidi, akimbembeleza Susu kama mtoto mgonjwa, hata jua likaanza kutua. Mtaani watu wakarudi kutoka kazini. Huyu akawasha pasi anyooshe shati, yule akawasha jiko la umeme. Taa ya ukumbi ikafifia, ikawa rangi ya chai. Na pale pale, mbele ya masikio yao, Susu akaanza kupiga magoti.

Mbinya akaruka na kipimo chake hadi kwenye soketi. Mshale ulikuwa umelala! Dansi zote zilipigwa jioni, mtaa mzima ukiunyonya umeme. Susu alipodai nguvu kwa ghafla, umeme mnyonge ukachelewa kumpa, naye akainama akiungoja. Mbinya alikuwa ameutaka utamu wa Susu, akaenda kuutafuta mahali pasipo na shida zake.

"Mjomba, nampima upya. Hapa hapa, sasa hivi."

"Na akizimika mikononi mwako?"

"Atazimika tukiwa naye. Gonga!"

Mbaluka akagonga, safari hii kwa moyo wote, huku Mbinya akirekodi kila kuinama na kila kuinuka, mngurumo na yote. Alipoinua kidole kwamba yamekwisha, Susu alitoa moshi mwembamba, akanyamaza. Mbaluka akaweka gitaa chini. Mbinya akasema, "Jumamosi, Mjomba. Usitundike kabla ya Jumamosi."

Jumamosi ikafika, ukumbi ukajaa pomoni. Kompyuta, ikilindwa na stebalaiza, kifaa cha kutuliza umeme, isiyumbe, iliunganishwa na spika ya Susu kwa amplifaya ya kuazima. Hata kabla ya kuguswa, ilinguruma kama mzinga wa nyuki. Mbaluka akatega sikio, akagonga uzi. Sauti ikapiga magoti, ikavuta pumzi, ikainuka ikilia. Vumbi likatimka sakafuni.

Kwenye skrini, Mbinya alikuwa amechora kitufe kimoja cha kuzungusha, akakiita "Pasi". Ukikizungusha, sauti inainama zaidi, kana kwamba jirani mwingine amewasha yake.

"Mbinya!" Mbaluka akapaza sauti, jasho likimtiririka, meno yote nje. "Ongeza pasi mbili!"

"Ongeza na jiko!" Kyalo akafoka. "Na mngurumo je, si uliuita takataka?"

Mbinya akazungusha kitufe huku anacheka, maana somo lilikuwa limemwingia: ukipenda boga, penda na ua lake.