Mkono wa Mtani

Wahenga walisema, mtu ni watu. Hakuna aliyejizaa, aliyejilea wala atakayejizika; binadamu hutimia kwa wenzake. Mwinyimvua wa Dunda aliisikia methali hii tangu utotoni, lakini iliingilia sikio hili ikatokea lile.

Yeye alikuwa na yake: mtu ni nasaba. Miaka michache kabla Wadachi hawajapandisha bendera yao Bagamoyo, alijenga nyumba ya mawe, akavaa kanzu ya Maskati, akaanza kuwataja mababu wa Kishirazi ambao hata mama yake hakuwahi kuwasikia. Mama huyo, Bi Mwajabu, alicheka mpaka mbavu zikamuuma. Kipenzi chake alikuwa Kulwa, mpagazi wa Kinyamwezi aliyeachwa na msafara wake akiwa hoi kwa homa. Bi Mwajabu alimuuguza kwa uji mpaka akasimama. Tangu hapo wakawa watani, wakitukanana kila asubuhi kwa mapenzi.

Bi Mwajabu alipofariki, Mwinyimvua alipiga utani marufuku mazikoni.

"Kaka," dada yake Mize alimsihi, "mama aliusia asizikwe kimya kama mtu asiye na kwao. Waache watani wake waje."

"Mama ni muungwana, Mize. Hachezewi na wapagazi."

Alisema hivyo kwa ukali, lakini moyoni alikuwa na hofu. Tangu alfajiri hakuwa ametoa hata chozi. Alimpenda mama yake kuliko roho yake, na macho yalikuwa makavu kama kifuu. Mimi ni mtu gani, alijiuliza, nisiyeweza kumlilia mama?

Jeneza lilipofika makaburini, watu waligutuka. Kulwa alikuwa amelala ndani ya kaburi, mikono kifuani.

"Toka humo!" Mwinyimvua alifoka.

Kulwa akajibu kwa sauti ya Bi Mwajabu mwenyewe, na mkwaruzo wake: "Mvua, mwanangu, unanifokea? Umekula lakini?"

Watu waliinamisha vichwa kuficha vicheko. Kwa desturi, mtani hatoki kaburini mpaka apewe haki yake.

"Unataka nini?"

"Mkono wako, Mwinyi. Mwaka wa kumi na mbili huu nakuamkia, na hujanipa hata siku moja."

Ilikuwa kweli tupu. Mwinyimvua aliona haya, akaunyoosha mkono. Masikini, udongo ulikuwa tifutifu na Kulwa mzito. Muungwana akaporomoka na kanzu yake mpaka chini. Kisha akacheka, akacheka sana, na katikati ya kicheko machozi yakamtoka kama mtoto mchanga. Kulwa alimkumbatia, naye akilia.

"Kwetu walishanihesabu maiti," alisema. "Yeye ndiye aliyenifanya mtu tena."

"Tokeni basi," Mwalimu Msabaha, aliyekuja kusimamia maziko, aliita kutoka juu. "Mwenye nyumba anangoja!"

"Kulwa hatoki," Mwinyimvua alijibu. "Peke yangu simwezi mama. Tutampokea sote wawili."

Wakampokea, mmoja kichwani, mmoja miguuni, wakamlaza taratibu.

Siku ya hitima, mgeni kutoka Pangani alimwuliza Mwinyimvua ukoo wake. Mize aliinamia sinia, akingoja wale mababu wa Kishirazi watajwe.

"Mimi ni mwana wa Mwajabu," alisema kaka yake, akimsogezea Kulwa sinia la wali, "na huyu ni ndugu yangu."

Wahenga hawakukosea: mtu ni watu.