Mtamba Mmoja, Watoto Watatu

Hapo zamani, huko juu kwenye milima ya Taita, zamani za watu kula bila kupimiana tonge, palikuwa na mama mmoja jina lake Wakesho. Alikuwa na watoto watatu. Nawataja mara moja tu, atakayesahau asinikate kauli katikati. Wa kwanza Mghoi, msichana, mkubwa wa kutosha kubeba mwenzake mgongoni. Wa pili Mwakio, mvulana, mbishi. Ukimwambia hili jua, yeye atasema ni mwezi. Wa tatu Saru, kitindamimba, ndiyo kwanza amejua kukimbia. Kusimama alikuwa bado hajajifunza.

Nyumbani kwao hapakuwa na ng'ombe. Uji wa Saru ulikuwa wa maji. Kila asubuhi Wakesho alipita karibu na zizi la jirani, akasikia maziwa yanavyochuruzika kwenye kibuyu, roho ikamuuma. Sitamsitiri: aliona wivu. Nani kati yenu hajawahi?

Sasa, kila mwaka, mahindi yakishaingia ghalani na baridi ikianza kulegea, kijiji cha Mwarungu kilifanya sherehe ya mavuno. Kuingia bure. Kula bure. Kucheza bure. Ndugu zangu, mnajua watu na hilo neno bure! Hata waliokuwa wagonjwa wiki nzima, siku hiyo walipona wakaomba fimbo.

Mwaka ule Wakesho akasema, "Saru anatembea. Safari hii tunakwenda wote." Lo, alijitakia! Jogoo hajawika, Mghoi keshaamka.

"Mama, kumekucha?"

"Bado, lala."

Kidogo tu, Mwakio. "Mama, kumekucha?"

"Bado, lala!"

Kidogo tu, Saru, ambaye hata hajui anachouliza. "Mama, kucha?"

Baba yao, Mwandoe, akatupa shuka pembeni. "Mama Mghoi, inuka twende. Hawa wakiendelea, jua lenyewe litaona haya."

Wakapanda mlima wakiimba. Walipofika Mwarungu, macho hayakujua yaanzie wapi. Huku vyungu vya kimanga, yaani viazi na maharage yaliyopondwa pamoja mpaka yakalainika. Huku ndizi zinachomwa. Huku miwa, huku maboga, huku ngoma, na watoto wa vijiji vyote wanakimbizana na kupiga mayowe. Mwandoe akashika njia ya vyungu, akapotea. Wakesho naye mabega yakaanza kucheza kabla mwenyewe hajakubali. Saru akapiga makofi mpaka akaanguka chali, akainuka, akapiga tena.

Ikafika saa ya boga. Nyanya Mkawasi, mwenye sherehe, mama mfupi mwenye sauti ya watu wanne, akasimama mbele ya ngoma na pembe mkononi.

"Watoto! Lile shamba kule halikukatwa mabua. Ndani yake nimeficha boga moja, nimelipaka majivu likawa jeupe. Atakayelipata, mtamba yule ni wake!"

Watu wakageuka. Mtamba alikuwa amefungwa kando, ng'ombe jike ambaye bado hajazaa, mweusi tii, paji la uso jeupe. Wakesho alipomwona alisahau kufunga mdomo.

"Nampa mtoto, simpi mzazi," akasema Nyanya Mkawasi. "Ng'ombe wa mzazi huishia kwenye mahari ya watu. Baba watu mnacheka nini? Nasema uongo?"

Wanaume wakatazama chini.

"Masharti ni haya. Aingie mtoto yeyote anayetembea kwa miguu yake. Na aingie kimya! Mahindi yamezaa, sasa yamelala, na mzazi aliyelala haamshwi. Atakayepaza sauti ndani ya mabua, awe amepotea, awe ameumwa na siafu, huyo ametoka mchezoni. Na kule chini shamba linaishia kwenye korongo. Ukiona mawe, rudi. Tumeelewana?"

"Tumeelewanaaa!"

Wakesho akamvuta Mghoi. "Ingia na Saru. Mkono usimwachie. Umenisikia?"

"Nimesikia, Mama."

"Usimwachie!"

Halafu yeye mwenyewe akarudi kwenye duara la ngoma. Ndiyo, alirudi kucheza. Sikukuu ni mara moja kwa mwaka.

Pembe ikalia. Watoto wakaingia kwenye mabua kwa kishindo, kisha kimya. Unasikia majani makavu tu, chakacha, chakacha. Wakesho miguu ilikuwa ngomani lakini macho yalikuwa kwa mtamba. Moyoni alikwisha kumkamua. Alikwisha kumimina maziwa kwenye uji wa Saru, uji ukabadilika rangi. "Ee Mungu," akanong'ona, "awe mmoja wa wangu. Yeyote, ila awe wangu."

Ghafla, ndani ya mabua:

"Saruuu! Saru wee! Simama hapo hapo! Usisogee!"

Watu wakaguna. "Aaa! Huyo katoka!"

Wakesho aliijua sauti. Ilikuwa ya Mghoi. Na nisiwadanganye, kilichomuuma kwanza kilikuwa mtamba. Ndipo akili ikamfikia: Mghoi anamwita Saru. Mtoto aliyeshikwa mkono haitwi!

Akaiacha ngoma. Korongo! Mwandoe akatupa tonge, akakimbia kuzunguka shamba kwa upande wa mawe. Mghoi akaita tena, na tena, sauti inapasuka. Kisha wakasikia kilio cha mtoto mdogo, chini kabisa, ukingoni. Wakesho hajapata kukipenda kilio kama alivyokipenda kile.

Mabua yakatikisika. Akatoka nani? Mwakio. Amekumbatia boga jeupe ambalo karibu limzidi, jicho moja limevimba likafunga, mdomo wa chini anautafuna. Watu wanamuuliza, hajibu. Mama anamwita, hajibu. Akaenda mpaka mbele ya ngoma, akalitua boga. Hapo ndipo akafungua kinywa.

"Mama weeee! Nyigu! Nyigu ameniuma jichoni!"

Kilio alichokuwa amekimeza kule ndani chote kikamwagika pale. Watu wakacheka, wakampigia vigelegele, wakamwinua juu. Nyuma yake akatoka Mghoi, miguu imechanika kwa majani, Saru mgongoni, Mwandoe akiwafuata. Saru anampiga dada yake ngumi kichwani.

"Boga langu! Boga langu!"

Wakesho akawakumbatia wote kwa pamoja, akacheka, akalia, akamfuta huyu kamasi kwa kanga, akampulizia yule jicho. Furaha iliyoje! Watoto wazima, na boga ni la kwao!

Nyanya Mkawasi akapiga pembe. "Haya, mtoto wa boga ni yupi?"

"Mimi!" akasema Mwakio.

"Mimi," akasema Mghoi.

"Boga langu!" akasema Saru.

Ala! Ngoma ikapunguza mwendo. Nyanya Mkawasi akaweka mikono kiunoni. "Semeni mmoja mmoja."

Mwakio akaanza. "Nimemkuta Saru analia, amekalia boga. Nilitaka kuita, nikakumbuka sharti. Nilipoinama kulichukua, nyigu akaniuma. Sikulia, Nyanya! Jicho linawaka moto, sikulia! Watoto wengine wanakuja nyuma yangu, nikalibeba nikakimbia. Mvumilivu hula mbivu. Kati yetu watatu, ni nani aliyekaa kimya?"

"Ulimwacha mwenzako korongoni," mtu akasema.

"Dada alikuwa amefika! Namwona hivi, safu ya pili. Ningembeba Saru, boga lingebebwa na wengine, na leo tungerudi na mtoto bila ng'ombe."

Watu wakasema, kweli kabisa, mtamba ni wa Mwakio.

Mghoi akasogea. Hakupaza sauti. "Nyanya, sharti nililijua. Nilijua nikiita nimempoteza mtamba. Nikaita. Saru alikuwa anakwenda kwenye mawe. Aliponisikia akasimama, akakaa. Alipokaa ndipo akalia, na kwa kilio kile ndipo Mwakio akaliona boga. Ningenyamaza mimi, Mwakio angeona nini? Na Saru angekuwa wapi saa hizi?"

Mwakio akaruka. "Lakini ni wewe uliyemwachia! Mama alikuambia usimwachie! Umelipa deni lako tu, unadai na zawadi?"

Mghoi akainamisha kichwa. "Pembe ilipolia nilisukumwa, mkono ukateleza," akasema. "Ni kweli. Uliteleza."

Watu wakasema, hata hivyo, aliyejinyima ndiye aliyetoa zaidi, mtamba ni wa Mghoi.

Sasa nani amsemee Saru? Mwandoe akajipangusa mikono. "Asiye na maneno, baba yake ni mdomo wake. Saru ameingia kwa miguu yake mwenyewe, kama mlivyotaka. Kabla ya mtoto yeyote, amelifikia boga. Kalikalia! Wangapi hapa wamelikalia? Alilia, sawa. Lakini sharti humfunga anayelijua. Huyu hata jina la mahindi hajui kulitamka."

"Kutangulia si kufika!" mtu akapiga kelele.

"Na huyo aliyefika alilitoa boga chini ya makalio ya nani?" Mwandoe akajibu. Watu wakaanguka kwa kicheko, kisha wakasema, ehe, ana hoja, mtamba ni wa Saru.

Pakawa na makelele ya kutosha. Wazee huku, akina mama kule, hata wapiga ngoma walianza kugombana. Nyanya Mkawasi akaenda akafungua kamba ya mtamba, akamwekea Wakesho mkononi.

"Mimi nilificha boga, sikuficha hukumu. Hawa ni wa tumbo moja, nalo ni lako. Mpe mmoja kamba hii. Lakini sikiliza, Mama Mghoi. Ng'ombe huyu hana wenyewe wawili. Yeye na ndama wake, na ndama wa ndama wake, ni mali ya huyo mmoja mpaka uzeeni. Wengine watakunywa maziwa kwa hisani yake. Na ngoma ikinyamaza bado umeishika kamba, mtamba anarudi kwenye zizi la kijiji."

"Nyanya, tafadhali," akasema Wakesho. "Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Unanitaka niwapime watoto wangu mbele za watu?"

"Nakutaka ukate shauri. Piga ngoma!"

Ngoma ikaanza. Wakesho akasimama na kamba. Jana angetoa hata nywele za kichwa apate kuishika, leo imemshika yeye. Akimpa Mwakio, Mghoi atajua kwamba siku aliyochagua ndugu yake badala ya ng'ombe, mama yake alichagua ng'ombe. Akimpa Mghoi, Mwakio ataambiwa nini kuhusu kutii, na lile jicho? Akimpa Saru kwa kuwa ni mdogo, wale wawili watakuwa wamechanika na kuumwa bure. Na kuna jambo hakumwambia mtu. Mghoi alimwachia Saru mkono, sawa, lakini aliyemwachia Mghoi mzigo ule ili akacheze ni nani? Aliona aibu, akaona aibu hiyo haina pa kuiweka.

Akawatazama. Mwakio amenyoosha mikono yote miwili, jicho moja linamwangalia bila kupepesa. Saru keshamkumbatia mtamba mguu, anacheka. Mghoi hakunyoosha mkono. Mikono yake ameificha nyuma, analengwalengwa na machozi, anatazama pembeni ili mama yake asimwone. Hilo ndilo lililomkata Wakesho maini.

Mpiga ngoma amechoka. Pigo moja, kisha pumzi ndefu. Pigo lingine, pumzi ndefu zaidi. Mtamba anavuta kamba, anataka kurudi kwa wenzake. Wakesho amefungua kinywa, jina lipo kwenye ulimi, halitoki.

Basi nyinyi mliokaa hapo mkinicheka na kunisahihisha tangu mwanzo, inukeni mumsaidie. Mghoi aliyepaza sauti, Mwakio aliyenyamaza, au Saru aliyelikalia? Je, nani alistahili? Semeni upesi, mkono wa mpiga ngoma unashuka.