Kibuyu cha Hewa Kali

Hapo zamani za kale, watoto, kabla milango haijajua kufuli, kijiji cha wanyama kililindwa na pua. Pua yenyewe ilikuwa ya Mzee Kifaru. Macho yake, Mungu amsitiri, hayakuweza kutofautisha kichuguu na mkwewe. Lakini pua! Kicheche, yule mwizi wa mayai anayenuka hadi nzi wanamkimbia, akitia mguu tu ng'ambo ya kijito, Kifaru alipiga chafya: "Chyaa! Toka hapo, uvundo we!" Na Kicheche hugeuka zake.

Ndiyo maana Bi Kanga alitaga uani kwa Kifaru, nyuma ya jiko. Yeye ni ndege, na ndege na kunusa wapi na wapi? Mwaka uliopita alitaga porini, na hakupata hata kifaranga mmoja wa kumwita mama. Safari hii alilala usingizi kwa kuitegemea pua ya jirani.

Siku moja, upepo ukivuma kutoka kijijini kwenda porini, mgeni akatokea juu ya kichuguu nje ya ua. Alikuwa mdogo, amejipaka majivu kichwa hadi mkia, na shingoni amening'iniza vibuyu, kong'o, kong'o!

"Hodi, wazee! Mimi ni mtaalamu wa pumzi!"

"Karibu," akasema Kifaru. "Mbona husogei?"

"Heshima tu, mzee. Jamani, hiyo mnayovuta ni hewa? Hiyo ni chai isiyo na majani! Imejaa vumbi, moshi na pumzi za kondoo. Humu vibuyuni mna hewa kali ya kileleni, imekolezwa. Ukiivuta, mlima unaupanda mbio!"

Bwana Nyati, ambaye tumbo lilimtangulia kila aendako, akasimama. "Na hili tumbo?"

"Linayeyuka, bwana!"

"Bei gani?"

"Bure!"

Bi Kanga akainua shingo. "Bure? Na wewe unapata nini?"

"Napata furaha nikiwaona wazima, bibie," akajibu yule mgeni. Lakini macho yake yalikuwa nyuma ya jiko, na Bi Kanga hakuyapenda hata kidogo.

Vibuyu vikaviringishwa langoni. Kila kimoja kilishindiliwa mnanaa. Masharti: kivae puani, kifunge kwa ukindu, lala chali kila adhuhuri, fumba macho, usikivue mpaka uambiwe.

Kifaru akavaa. Hfuuu! Hfuuu! "Mtaalamu, kichwa kinazunguka!"

"Ndiyo nguvu inaingia, mzee! Vuta!"

Nguvu gani, watoto? Ilikuwa pumzi yake mwenyewe, ikienda na kurudi.

Basi kijiji kizima kikashikwa. Nyati akawa anazunguka soko mbio, kibuyu puani, anagonga vibanda vya watu. Asiye na kibuyu akaitwa mshamba. Na kila adhuhuri mtaalamu alipita nyumba hadi nyumba, ati kukagua wagonjwa wake.

Adhuhuri moja Bi Kanga alitoka kwenda kunywa maji. Kurudi, yai moja halipo. Kesho yake, la pili halipo. Akakimbia kwa Kifaru.

"Mzee, mayai yangu! Umenusa nani hapa leo?"

"Mnanaa."

"Na jana?"

"Mnanaa. Bi Kanga, acha wivu. Kosa langu mimi kama mdomo wako hauingii kibuyuni?"

Maneno yale yalimchoma. Bi Kanga akarudi kwenye mayai yake akalia, kisha akashtuka. Mlinzi hanusi ila mnanaa! Huyu mgeni hakuja kufungua pua ya mtu, amekuja kuiziba.

Asubuhi, Kifaru alipokuwa akila, Bi Kanga akakitoboa kibuyu chake kitako, ko! ko! ko! Akauchomoa na mnanaa wote. Adhuhuri ilipofika akapaza sauti: "Naenda kijitoni jamani!" Kisha akajibanza nyuma ya mtungi.

Kifaru akalala, akavuta. "Eeeh! Leo hewa imekolea kuliko siku zote!"

Bi Kanga akajikaza asicheke.

Mtaalamu akaingia, nyata, nyata.

"Mtaalamu!" akaita Kifaru, macho kafumba.

"Labeka, mzee."

"Mbona kibuyu kinanuka kicheche?"

Miguu ikaganda. "Hiyo... hiyo ni sumu inayokutoka mwilini, mzee. Vuta tu, itakwisha."

Na Kifaru, watoto, akavuta! Yule mwizi alipita, akainama, akalikumbatia yai.

"Mtaalamu."

"Naam?"

"Hii sumu ni yangu mimi?"

"Yako, mzee."

"Sasa mbona inatembea? Ilikuwa mlangoni, sasa iko nyuma ya jiko!"

"Kibuyu kimetoboka, mzee!" akapiga kelele Bi Kanga. "Nimekitoboa mimi! Unavuta hewa ile ile ya siku zote! Amka, Kicheche huyo!"

"CHYAAA!" Kibuyu kikaruka, kikapasuka paa! Yai likamponyoka mwizi, Bi Kanga akalidaka kwa bawa. Kicheche huyoo, majivu yanapukutika, milia yake ya mgongoni nje nje, na Kifaru nyuma yake, gudu! gudu! gudu! Aliupita ua bila kuuliza mlango uko wapi.

Kifaru akarudi anahema, kichwa chini. "Bi Kanga, nisamehe."

"Nimekusamehe, mzee. Lakini wangu wawili hawarudi." Akayafunika yaliyobaki, akayageuza moja moja.

Nyati akachungulia uani, kibuyu chake bado puani. "Jamani, mmeziona mbio za mtaalamu? Mnaona sasa? Hewa inafanya kazi!"

Basi, watoto: mtu akikuletea bure pumzi uliyo nayo, tazama anachoondoka nacho.